Limewekwa Pembeni kwa Muda

Jumatatu, tarehe 11 Mei 1992. Manyunyu tangu alfajiri. Jua lilitoka saa tatu, na ilipofika saa nne Temeke nzima ilifuka mvuke kama sufuria iliyofunuliwa.

Saa hiyo Apolinari alikuwa amelala kifudifudi kwenye kitanda cha zahanati, suruali imeshushwa mpaka magotini. Alikuwa na jipu kwenye kalio la kushoto. Wiki tatu alikwenda nalo kazini na kurudi nalo nyumbani Tandika bila kumwambia mtu isipokuwa mkewe, Kokushubila, na huyo naye alikuwa amesafiri kwenda Bukoba kumzika shangazi yake. Apolinari alikuwa mtu wa miaka hamsini na mmoja, mwembamba, mwenye kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, moja ya bluu na moja nyekundu. Hata pale kitandani hakuwa amezitoa. Zilimchoma kifua, akavumilia.

Tabibu alikuwa kijana mwenye miwani na maneno machache. Alimdunga sindano ya ganzi, akangoja, akapasua. Usaha ulitoka kama usaha utokavyo. Kisha kitu kikaanguka ndani ya bakuli la chuma, kikalia ting.

Jipu halina mlio.

"Mzee," tabibu akasema, amekishika kile kitu kwa koleo kukiangalia mwangani, "kwani unafanya kazi gani?"

"Karani wa masjala."

"Si fundi chuma?"

"Hapana. Nashughulika na majalada."

"Basi kuna kitu umekikalia."

Apolinari akainua shingo kwa hasira mpaka muuguzi aliyeshika bakuli akamgandamiza mgongo. "Mimi," akasema, "sijawahi kukalia kitu cha mtu."

Tabibu hakujua amegusa wapi. Akasafisha tundu, akalijaza utambi wa shashi, akafunika, akamdunga sindano ya pepopunda na kumpa maagizo. Kidonda hakikushonwa, kwa makusudi, ili kipone kutoka ndani kuja nje. Kikiziba juu mapema, usaha utajificha chini. Kisafishwe kila siku kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, utambi ubadilishwe. Alale kifudifudi au ubavu. Na kwa siku kumi asikae.

"Asubuhi au jioni?" Apolinari akauliza.

"Nini?"

"Kusafisha."

"Asubuhi."

"Saa ngapi?"

"Saa yoyote, mzee."

"Andika saa moja," Apolinari akasema, na tabibu akaandika saa moja.

Kile kitu alipewa ndani ya kichupa kitupu cha penisilini. Kilikuwa kipande cha chuma chembamba kilichoshika kutu, urefu wa punje mbili za mchele, kimevishwa kofia ndogo ya shaba upande mmoja. Alipofika nyumbani, alibandika karatasi juu ya kichupa, akaandika kwa kalamu ya bluu: Kilichotolewa 11/5/92, saa 4.20 asubuhi. Akakiweka dirishani, akalala juu ya tumbo lake.

Mtu wa kumsafisha kidonda hakuwa wa kutafutwa. Nyumba ya pili kutoka kwake alipanga Bi Somoe, mjane wa Kizaramo wa miaka sitini na kitu, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa mhudumu wa wodi ya upasuaji. Alistaafu kazi, mkono haukustaafu. Vidonda vya mtaa mzima vilipita kwake: vya panga, vya pasi, vya watoto waliotoka jandoni. Ukimletea sukari, hewala; usipoleta, hewala. Taabu ni kwamba Bi Somoe ndiye mtu ambaye Apolinari aliona haya kumtazama usoni, na sasa alikuwa anatakiwa kumwonyesha upande wa pili.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mume wa Bi Somoe, marehemu Mwinjuma, fundi baiskeli, alipewa kiwanja Tabata mwaka 1984. Alijenga kuta mpaka usawa wa madirisha, mwaka 1986 akafa. Nakala yake ya barua ya toleo, iliyokuwa chini ya godoro, ililiwa na mchwa. Barua nyingine ilikuwa ndani ya jalada, na jalada lilikuwa katika masjala ya ofisi ya viwanja ambako Apolinari alikuwa karani. Yaani lilipaswa kuwako. Halikuonekana. Na sasa mfanyabiashara wa vipuri, Godlisten, alikuwa ameibuka na barua ya kiwanja kilekile, ya mwaka 1991, wala hakuifoji. Alipewa na ofisi ileile. Alhamisi ya wiki hiyo, saa tatu asubuhi, kikao kingekaa kuamua. Asiye na jalada, hana kiwanja. Bi Somoe hakuwa na pengine pa kupaita pake.

Kwa miaka sita, kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, Bi Somoe alioga, akavaa baibui, akaenda mjini, akapanga foleni kwenye dirisha la masjala ili kumuuliza jirani yake jambo ambalo angeweza kumuuliza juu ya ua wa makuti. Mara moja alijaribu kumuuliza hapo uani. Apolinari alikuwa anaanika soksi.

"Bi Somoe," akamwambia kwa heshima zote, "mambo ya ofisi huulizwa ofisini."

Na ofisini alijibiwa. Apolinari alifungua rejesta, akashusha kidole mpaka kwenye mstari ule, akamsomea kwa sauti mwandiko wake mwenyewe wa mwaka 1985: Limewekwa pembeni kwa muda. Hakukumbuka aliliweka pembe ipi. Chumba kilikuwa na pembe nne, na zote alizitafuta kwa tochi, si mara moja wala mara mbili. Alipata panya mkavu, mhuri wa zamani na kiatu kimoja cha kike ambacho hakuna aliyejitokeza kukidai. Jalada hakulipata.

"Kuna mtu kalikalia hilo," Bi Somoe alikuwa akisema.

Huo ni msemo wa watu wote. Jambo likichelewa ofisini, husemwa kuna mtu amelikalia. Lakini Apolinari ulimuudhi kuliko tusi la nguoni. Miaka ishirini na miwili ya kazi hakuwahi kupokea hata soda kwa mwananchi. "Katika masjala yangu," alijibu kila mara, "hakuna anayekalia jalada!" Kisha akaketi.

*

Jumanne saa moja kamili hodi ikapigwa. Bi Somoe aliingia na beseni, birika, chumvi kwenye kikombe na kitu kikubwa cha mviringo kilichofunikwa kanga.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, karani. Geuka."

"Nimeshageuka."

"Nyie watu wa Bukoba kwa kutangulia hamjambo." Akafunua shuka, akainama, akanusa. "Hee! Umeweka nini humu?"

"Sijaweka kitu."

"Unga mwekundu huu nini?"

Apolinari akazungumza na mto. "Kapsuli. Ile ya rangi mbili. Mzee Twalib aliniambia ukiipasua ukanyunyiza…"

"Mzee Twalib ni mwenye nyumba, si mwenye dawa. Umeambiwa umeze, unakilisha kidonda! Kwani hiki kina mdomo?" Mikono yake ilikuwa imeshaanza kazi. Maji ya chumvi yalikuwa ya uvuguvugu sawasawa. Aliuvuta utambi wa zamani polepole, akasafisha kutoka katikati kwenda pembezoni, akaingiza utambi mpya bila kuusukuma kwa nguvu. "Kidonda ni kama mgeni," akasema. "Ukimlazimisha kula, anatapika. Kiache kichafukwe kwa wakati wake, mie nitakuwa naosha vyombo."

Kuhusu jalada hakusema neno. Apolinari alingoja neno hilo mpaka shingo ikakakamaa.

"Unangoja niulize," Bi Somoe akasema, anakausha mikono. "Siulizi. Hapa nyumbani. Mambo ya ofisi ofisini, si ndivyo?"

"Ndivyo, Bi Somoe."

"Haya." Akafunua ile kanga. Ndani yake mlikuwa na kawa, kawa kubwa la ukili, lenye milia nyekundu na kijani, la kufunikia sinia la wali kwenye maulidi. Akamfunika nalo makalio. "Shuka isiguse, nzi wasione. Usipinde mgongo, litaanguka."

Hivyo ndivyo Apolinari alivyopokea waliokuja kumjulia hali: uso kwenye mto, miguu kwenye shuka, na katikati kawa la maulidi limesimama kama kibanda cha mlinzi. Mzee Twalib alifika kabla ya adhuhuri. Alikuwa mtu mnene mwenye pikapu ya kubebea kreti za soda, na mwenye hamu ya kila jambo. Aliketi kando ya kitanda, akatoa pole, akauliza habari za Bukoba, akasifu mvua. Macho yake yalikuwa kwenye kawa. Akauliza habari za kazini. Mkono ukasogea. Akasema siku hizi mchele mzuri umepanda sana lakini kuna watu Mungu kawajalia majirani. Akalifunua.

"Astaghfirullahi!"

"Mzee Twalib!"

"Nilidhani ubwabwa, wallahi!" Akalirudisha kwa mikono miwili, limekwenda upande. Akafuta jasho. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akaongeza, "Lakini chekundu kizuri. Kinapona hicho."

Alasiri akaja Adelard. Huyu alikuwa msaidizi wake masjala, kijana wa miaka thelathini na kidogo, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, aliyekaimu nafasi yake siku hizo.

"Mzee, kile kiti chako," akasema baada ya pole, "miaka yote unakaa pale hutuambii! Laini kama cha mkurugenzi."

"Mwezi wa nne kilikuwa kinachoma kidogo. Nadhani kunguni."

"Mie hata hakijanigusa." Akatoa karatasi kwenye bahasha. "Wametaka hii kwa kikao cha Alhamisi. Ya yule bibi wa Tabata. Saini yako tu, mzee, nitaipitia kesho mchana."

Ilikuwa fomu ya kuthibitisha kwamba jalada limetafutwa na halionekani. Ikisainiwa, kikao kitatazama barua ya Godlisten peke yake, nusu saa, kwisha. Adelard alipoondoka, Apolinari aliijaza fomu akiwa amelala kwa tumbo, herufi kubwa, namba ya kiwanja, tarehe ya kutafuta mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya kumi na nne. Yote yalikuwa kweli. Alipofika mahali pa saini, kalamu ikasimama. Aliiweka fomu chini ya kifua chake, akaamua atasaini kesho, kwa sababu kesho ilikuwa bado ipo.

*

Jumatano saa moja Bi Somoe aliingia amelowa mabega. Mvua ilikuwa imeanza tena. Akafanya kazi yake kimya. Nyama mpya ilikuwa imeanza kuota chini kabisa, nyekundu kama ndani ya komamanga, akaifurahia kama aliyeipanda mwenyewe. Kisha akataka spiriti ya kupangusia ngozi ya pembeni.

"Dirishani," Apolinari akasema.

Pale dirishani palikuwa na chupa mbili. Bi Somoe alichukua isiyo ya spiriti.

"Hiki nini?"

"Hicho ndicho kilichotoka. Tarehe ipo."

Akakitikisa kichupa, kikalia. Akakipeleka mwangani, akakisogeza karibu na jicho, akakirudisha mbali, akakisogeza tena. Apolinari hakuweza kumwona. Alisikia tu kwamba amekaa kwenye kigoda, na Bi Somoe hakuwahi kukaa akiwa kazini.

"Nati ya spoku," akasema.

"Inawezekana. Ni kitu cha chuma na shaba."

"Si kitu cha chuma na shaba, karani. Nati ya spoku ya Mwinjuma." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Alikuwaga anazipiga tupa mistari mitatu kichwani, mtu asimletee gurudumu la fundi mwingine akasema la kwako hili limelegea. Moja. Mbili. Tatu. Tazama."

Apolinari hakuwa na namna ya kutazama.

"Ule mwaka wa themanini na nne," Bi Somoe akaendelea, "hamkuwa na karatasi, hamkuwa na wino, hata vya kubania mafaili hamkuwa navyo. Mwinjuma kafika dirishani, kaambiwa lete jalada lako, lete na kibanio chako. Akarudi akakata spoku, akaikunja, akabana, akakaza nati. Akaniambia, mke wangu, faili letu mie nimelifunga mwenyewe, halitalegea mpaka kiama." Akakigeuza kichupa. "Miaka sita namsomea hitima. Namwambia, mume wangu, nisaidie, faili halionekani. Kumbe kasikia! Kamfuata karani mwenyewe. Kamchoma."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Apolinari alikuwa ameuzamisha uso kwenye mto, na huko gizani alianza kuona chumba chake cha kazi, si pembe zake nne, bali katikati yake.

Mwaka 1985 ukindu wa kiti chake ulipasuka, akabaki anakalia tundu. Aliandika barua ya kuomba kiti. Barua hiyo mpaka leo kuna mtu alikuwa ameikalia. Wiki ileile ulikuja waraka kwamba jalada lisilo na kibanio rasmi lisipangwe kabatini. Yalikuwako saba ya namna hiyo: lililofungwa kwa kamba ya kiatu, lililofungwa kwa waya wa redio, lililofungwa kwa spoku. Apolinari alitii waraka. Akayatoa kabatini, na kwa kuwa tundu la kiti lilikuwa linamfinya na majalada yalikuwa na unene unaofaa, akayapanga humo, kwa muda, mpaka vibanio viletwe. Akaandika kwenye rejesta. Mwezi uliofuata Kokushubila, kwa kumwonea huruma mumewe, alimfumia kitambaa cha kiti chenye maua, akakifunga kwa kamba kwenye miguu yote minne. Vibanio havikuletwa. Kitambaa kilikuwa kizuri, na kila mtu alikisifu.

Bi Somoe alikuwa anamshukuru marehemu. Mtu angeweza kumwachia marehemu sifa hizo. Adelard angetumwa, jalada lingeonekana kabatini, jina la Apolinari lingebaki jeupe kama shashi.

"Bi Somoe," akasema.

"Eeh."

"Lile jalada nimelikalia."

"Si nilikwambia mie? Miaka sita nasema."

"Hapana, nisikilize. Nimelikalia."

"Nimesikia, karani. Mmelikalia. Maofisi yote ndiyo yalivyo, usijitese peke yako, wewe mgonjwa."

"Si maofisi. Ni mimi. Nimelikalia kwa makalio."

"Makalio gani?"

"Haya."

Bi Somoe akayatazama, maana yalikuwa mbele yake. Apolinari akamweleza yote, tangu ukindu mpaka kitambaa cha maua, bila kuruka tarehe. Alipomaliza, maji kwenye beseni yalikuwa yamepoa.

"Kwa hiyo mie nimesimama dirishani…"

"Mimi nilikuwa nimeketi."

"Ukiniambia halionekani…"

"Lilikuwa halionekani."

"Na hukuniinukia hata siku moja! Ungeinuka kuniamkia kama mtu aliyelelewa, ungeliona!"

"Nilikuamkia kila siku, Bi Somoe."

"Umekaa!"

Apolinari alimsikia ananyanyuka, anamwaga maji ya zamani, anamimina mapya, anakoroga chumvi. Kilichobaki kilikuwa kuingiza utambi, na Apolinari akang'ata mto. Aliona kwamba mkono ulioshika koleo ulikuwa na haki ya kuteleza kidogo. Haukuteleza. Utambi uliingia taratibu kama jana.

"Kidonda hakina kosa," Bi Somoe akasema. "Mwenyewe ndiye mwenye kosa." Akafunika, akabandika plasta. "Na hiyo karatasi inayochungulia chini ya kifua chako, yenye jina la mume wangu, nipe."

Apolinari akaitoa. Ilikuwa imekunjamana na ina joto.

"Ukikaa unakalia," Bi Somoe akasema, anaisoma kwa kufuatisha midomo. "Ukilala unalalia. Mkeo anaishije na wewe?"

Akamrudishia. Apolinari hakuichana, kwa sababu fomu haichanwi. Alichomoa kalamu nyekundu, akapiga mistari miwili ya kukingama, katikati akaandika Imefutwa, akatia saini na saa. Kisha akajiinua kwa viwiko, akashusha mguu mmoja, akataka suruali.

"Wapi?"

"Mjini. Nikalitoe sasa hivi."

Aliposimama tu, chumba kikazunguka. Bi Somoe akamshika kwa kwapa akamrudisha kitandani kama anayekunja jamvi. "Mtu hajala tangu jana, kidonda cha siku mbili, mvua hii. Ukianguka njiani, nani anajua lilipo? Leo lala. Huyo kijana wako sasa hivi yuko wapi?"

"Adelard? Yuko kazini. Amekaa."

"Pale pale?"

"Pale pale."

"Basi likae," Bi Somoe akasema. "Chini ya mtu hakuna mwizi. Kesho nitakufunga mwenyewe, utakwenda. Ila kukaa, hukai."

Akamfunika kawa. Mlangoni akasimama, akageuka, akatazama lile kawa kwa muda. Mabega yakaanza kumtikisika. Alitoka hivyohivyo, hajaaga, na Apolinari akasikia kicheko kikiuvuka ua, kikikatika, kikianza tena, mpaka kilipofungiwa mlango.

Adelard alipofika mchana kuchukua fomu, alipewa fomu iliyofutwa. Akauliza kuna nini.

"Kesho," Apolinari akamjibu. "Mambo ya ofisi, ofisini."

*

Asubuhi yake, Alhamisi, tarehe 14 Mei, mvua ilikuwa imekatika. Bi Somoe alifika saa kumi na mbili na nusu, na kwa mara ya kwanza Apolinari hakulalamika kwamba si saa moja. Alimsafisha, akamfunga plasta mara mbili, akamvika kikoi badala ya suruali, shati na koti juu. Mzee Twalib alikuwa amewasha pikapu. Bi Somoe alikaa mbele, amevaa baibui la foleni. Apolinari alisimama nyuma, katikati ya kreti tupu, ameshika chuma kwa mikono miwili.

Kwa kuwa siku hizo habari za vyama vingi zilikuwa mdomoni mwa kila mtu, na mzee mwenye koti na kalamu mbili alikuwa amesimama peke yake juu ya gari linalokwenda polepole, watu wa barabarani walianza kumpungia. Apolinari, ambaye hakuwahi kuacha salamu bila jibu, akawapungia. Pale Mtoni mtu mmoja alimkimbilia akauliza kadi zinatoka lini. "Bado zinashughulikiwa," Apolinari akamjibu, maana ndivyo alivyozoea kujibu.

Walifika saa mbili na dakika ishirini na tano. Kwenye ukumbi wa ofisi alikuwako Godlisten na bahasha yake, kijana wa heshima, ambaye alipomwona mzee anatembea miguu imeachana alijisogeza kwenye benchi.

"Shikamoo, mzee. Karibu ukae hapa."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshakaa vya kutosha."

Masjala ilikuwa wazi. Adelard alikuwa kwenye kiti, anakunywa chai.

"Inuka," Apolinari akasema.

"Mzee! Umepona?"

"Inuka kwanza."

Adelard akainuka na kikombe chake. Apolinari alipiga goti moja kwa shida, akafungua kamba kwenye miguu ya kiti, mguu kwa mguu, hakuzikata. Akaondoa kitambaa cha maua. La juu kabisa lilikuwa jalada la kahawia lililobonyea katikati kama sahani, limefungwa kwa spoku ya baiskeli iliyovunjika ncha. Bi Somoe, aliyekuwa dirishani mahali pake pa miaka yote, aliweka kiganja mdomoni.

"Nipe basi! Saa tatu hiyo!"

"Bado halijaandikwa," Apolinari akasema.

Alifungua rejesta juu ya kabati, akasimama wima, akashusha kidole mpaka kwenye mstari wa mwaka 1985. Katika safu ya tarehe akaandika tarehe. Katika safu ya mahali lilipopatikana akaandika: Chini ya karani wa masjala.

Adelard alikuwa anasoma juu ya bega lake. "Mzee, si uandike kwenye kiti?"

"Kiti hakina saini," Apolinari akasema, akatia yake.

Kikao hakikuchukua nusu saa. Mwenyekiti alilishika jalada kwa ncha za vidole, kwa kuwa alikuwa ameelezwa lilikotoka. Barua ya toleo ilikuwa ndani, ina doa la kutu lakini inasomeka, jina la Mwinjuma, mwaka 1984. Waliisoma kwa sauti, wakaisoma na ya 1991. Godlisten mwenyewe ndiye aliyeanza kusema. "Kumbe kina mwenyewe," akasema, na akauliza ofisi itampa lini chake kingine. Akaambiwa aandike barua. Bi Somoe alitoka ameikumbatia karatasi ya uamuzi, akapita kwenye dirisha la masjala, akaingiza kichwa.

"Karani! Kesho saa moja."

"Saa moja, Bi Somoe."

"Na usikae."

Apolinari alikuwa amesharudi kwenye kiti kile, amekiinamia. Mlikuwa na majalada sita zaidi. Akalitoa la pili, lililofungwa kwa kamba ya kiatu: Sesilia, kiwanja cha Mbezi, mwaka 1983. Akalipangusa kwa kiwiko cha koti, akalinyoosha mgongo uliopinda.

"Sasa mzee," Adelard akasema, bado ana kikombe mkononi, anatazama tundu lilivyokuwa linazidi kuzama, "mie nitakaa wapi?"

Apolinari alichomoa kalamu ya bluu mfukoni, akampa.

"Simama hapa," akasema. "Mimi nitasoma, wewe andika."